Kilo Arobaini na Tano za Bi Zuhura

Mke mwenzangu alifariki Tanga mwezi uliopita, nami nililia ndani ya treni kuanzia Sundbyberg mpaka Jakobsberg bila kujificha. Watu wa huku Sweden hawamtazami mtu anayelia. Wanageuza nyuso dirishani kwa adabu, na adabu hiyo ikizidi unaanza kujishika mkono uone kama bado upo. Aliyenikodolea macho ni Mama Furaha peke yake, Mkongo wa Bukavu, niliyesafisha naye ofisi za Kista miaka mingi, kila mmoja na kigari chake cha ndoo na matambara, mpaka magoti yakatustaafisha kabla ya serikali.

"Mama Mwantumu, ni nani amekufa?"

"Mke mwenzangu."

"Mbanda yako?" Mkoba ukamponyoka. "Weye unalilia mbanda? Mungu wangu! Mimi mbanda yangu akikufa nitapika sombe, niite watu, nivae kitenge kipya."

"Tulikaa pamoja, dada."

"Na bwana iko wapi?"

"Aliniacha zamani. Kabla sijaja huku."

"Basi alikuacha, akabaki na ule mwingine, na weye ndiye unamulilia!" Akanipa kitambaa chake, akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo roho yako, docteur aiangalie."

Nilicheka, machozi yakaniingia mdomoni. Vituo vilivyobaki vilikuwa vitatu, na jambo lenyewe ni la mwaka mzima, tena la mji ambao Mama Furaha hajauona. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Nilipofika nyumbani nilichemsha chai, nikaisahau, nikachukua daftari. Elimu yangu ni darasa la nne, na mkono wangu ukiandika hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, kwa hiyo mnivumilie. Habari za nani aliniozesha na kwa nini nikawa mke wa pili nitaziruka. Kila nyumba ina zake. Nitaanza pale ndege iliposhuka Hyderabad, India, mimi nina miaka ishirini na miwili, Bi Zuhura thelathini na mitano, na mfuko wa dawa katikati yetu.

Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekaza, haufunguki sawasawa. Akipanda ngazi tatu anakaa. Mume wetu aliilipa hospitali ya kule mapema, yote kwa mkupuo, akasema nitakayekwenda naye ni mimi kwa sababu sina mtoto. Sikuulizwa. Yeye pia hakuulizwa kama ananitaka. Ndani ya ndege aliniambia neno moja tu: "Usinishike mkono mbele za watu. Nitatembea mwenyewe." Akatembea mwenyewe mpaka kwa daktari, akapandishwa kwenye mizani, mshale ukasimama kwenye thelathini na tisa. Daktari akaongea sana. Aliyetufasiria ni Bi Shirin, mwenye nyumba wetu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Tanga akaondoka msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha wakati ule, kama nguo iliyokunjwa sandukuni ikahifadhi mikunjo.

"Anasema hapasui mtu mwembamba hivi," Bi Shirin akatuambia. "Atafia mezani. Mama alete kilo arobaini na tano, ndiyo yeye atamshika. Kila mwezi aje apimwe."

"Na zisipofika?" Bi Zuhura akauliza.

Bi Shirin hakulipeleka swali lile kwa daktari. "Kula, mama," akasema. "Kula tu."

Kula tu! Angejua. Chumba chetu kilikuwa ghorofani, kuta zimepakwa chokaa ya buluu, vitanda viwili vya kamba, jiko la mafuta ya taa kwenye pembe, na dirisha moja linalotazama ua wa ndani ambako Bi Shirin alianika pilipili nyekundu kwenye mkeka. Harufu yake tu ilimfanya Bi Zuhura akohoe. Dengu za kule alizitapika. Wali wa kule alisema una harufu ya gunia. Biriani nililolipangia foleni asubuhi nzima alilionja kwa ncha ya kidole, akasukuma sahani, akageukia ukutani. Na mimi nilikuwa namwogopa, siwezi kumlazimisha. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akishika funguo za stoo, mimi naomba sukari. Siku moja natoka kuteka maji nikamsikia nyuma ya pazia akiomba dua, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani: "Mola wangu, siombi mali. Nipe kilo sita tu." Nikarudi chini na ndoo yangu, nikakaa kwenye ngazi mpaka amalize.

Kazi yangu ikawa kumtafutia chakula. Watu wakienda Hyderabad hupelekwa kuona lile jengo la minara minne, wanapiga picha, wananunua bangili. Mimi minara ile niliitumia kujua nyumbani ni upande gani, basi. Niliingia nyuma yake, kwenye vichochoro ambavyo pikipiki mbili hazipishani. Palikuwa na kimoja cha watu wanaoponda fedha. Nasema fedha, ile ya madini. Wanaume wamekaa chini kwa safu, kila mmoja ana kitabu cha ngozi mapajani, na ndani ya kurasa kuna vipande vya fedha, wanavigonga kwa nyundo kutwa nzima mpaka vinakuwa vyepesi kama ngozi ya kitunguu, vinapepea ukivipumulia. Wanavipamba juu ya halua na watu wanavila. Mlio wake, tak tak tak, ulinifuata mpaka kwenye ndoto. Palikuwa na nyumba ya kifahari iliyoachwa, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo za marumaru, na bibi mmoja kipofu anaishi kwenye kilichokuwa chumba cha walinzi. Palikuwa na ukingo wa mto, maji meusi yananuka, madobi wameanika shuka nyeupe kwa mamia. Nyingine nilizitambua kwa mhuri, zilikuwa za hospitali yetu. Nilisimama nikajiuliza ipi tumelalia. Nilijua maneno machache ya kule yanayofanana na yetu, dawa, sabuni, hesabu, chai, na kwa maneno hayo mtu anaweza kuzunguka mji mzima lakini hawezi kuzungumza na mtu hata mmoja.

Nitasema na hili, ingawa Mama Furaha atanicheka. Siku moja niliingia mtaa ambao watu wake walikuwa weusi kama mimi. Baadaye Bi Shirin aliniambia ni wajukuu wa askari walioletwa kutoka kwetu zamani sana kumlinda mtawala. Kwenye kizingiti kimoja alikaa mwanamke mzima anachana nywele, na uso wake, wallahi, ulikuwa wa shangazi yangu, mpaka lile pengo la meno ya mbele. Sikufikiri. Nikainama, "Shikamoo, shangazi." Akasimamisha kitana. Akaniangalia juu mpaka chini, akacheka, akaita wenzake, wakatoka wengi, wakanishika nywele, wakanikalisha, wakanipa chai ya maziwa. Walinisemesha lugha yao, nikawajibu kwa yangu, wakarudia kwa sauti kubwa zaidi, nami nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, tukachoka. Nilipotoka nilikuwa mpweke kuliko nilivyoingia. Kutoeleweka na watu wasiofanana na wewe, hilo unalizoea. Nimelizoea huku Sweden miaka yote hii. Lakini kutazamwa na uso wa shangazi yako, na uso huo usijue salamu yako, ni baridi ambayo sikuwahi kuikuta hata Januari ya Jakobsberg.

Na bado nilitoka tena kesho yake, na keshokutwa. Nyumbani nisingeweza kwenda nyumba ya tatu bila kuomba ruhusa, nikirudi naulizwa nimepita wapi, nimeongea na nani. Kule hakuna aliyeuliza. Nilikuwa natembea naogopa, natembea nalia wakati mwingine, lakini natembea.

Mwezi wa kwanza zilikuwa arobaini. Wa pili, arobaini na moja. Wa tatu sikupata mchi. Tulikuwa na mchi wa chuma, mzito, wa Bi Shirin, wa kupondea tangawizi; asubuhi ya kupimwa niliutafuta nikaukosa, nikadhani mwenyewe kauchukua. Hospitali walimwacha Bi Zuhura apimwe na nguo zake, maana alikataa katakata kuvua mbele za watu, na sista hupunguza kidogo kwa ajili ya nguo. Sista huyu aliitwa Annamma, Mkristo wa Kerala, mweusi, mnene, mtaratibu. Mshale ukapanda, ukapita arobaini na mbili, ukapita tatu, ukasimama kwenye arobaini na tano. Sista akapiga makofi. Daktari akaitwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaandika siku ya kupasua: baada ya siku kumi. Tukashuka ngazi. Bi Zuhura alishuka kama mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa, mkono umeshika kiuno, na kwenye kona kitu ndani ya kanga yake kikagonga chuma cha ngazi. Tok. Nikaujua mlio. Akaniangalia. Alijua kwamba nimejua.

"Twende," akasema.

Tulikaa kwenye benchi la nje kungojea riksho. Nitayasema yaliyonipita kichwani kwa mpangilio wake, kwa sababu mwanamke wa umri wangu hana tena wa kumdanganya. La kwanza: akifia mezani, nyumba ni yangu na funguo ni zangu. Wazo hilo lilikaa muda wa kumeza funda la maji. La pili: akifia mezani, Tanga nzima itasema mke mdogo kamuua. La tatu ndilo likawa kwamba atakufa, yeye Zuhura, anayeomba kilo kama watu wanavyoomba mvua. Ningependa kuandika kwamba la tatu lilikuja la kwanza. Halikuja.

Nikamwambia nimesahau mwavuli juu. Nikapanda ngazi mbio. Sista Annamma hakujua Kiswahili, Bi Shirin siku ile hakuja nasi, nami sikujua chochote cha kwake, kwa hiyo nilimwonyesha kwa mikono: nikaponda hewa kama ninaponda tangawizi, nikajifunga kile nilichoponda kiunoni, nikapanda mizani isiyokuwepo, nikamwonyesha mshale ukipanda. Akanitazama kama mwendawazimu. Kisha uso ukabadilika. Alishuka na mimi, akamchukua Bi Zuhura kwa upole, akamwingiza chumba kidogo, akafunga mlango. Nje nilisikia vitu vikiwekwa kwenye sakafu ya saruji, kimoja kimoja. Mchi. Kufuli la sanduku letu. Jiwe la kusugulia miguu. Alipopimwa upya zilikuwa arobaini na moja, vilevile kama mwezi uliopita, na ile tarehe ikafutwa.

Ndani ya riksho alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Umeniua kwa mkono wa sista," akasema. Na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwangu kwa karibu miezi mitatu.

Mnaojua ukimya wa nyumba ya wake wawili mnajua. Lakini nyumbani kuna watoto, kuna jirani, kuna mume wa kusemeshwa. Sisi tulikuwa wawili kwenye chumba cha buluu. Akitaka kitu alimwita mwenye nyumba kwenye ua, na mimi nimesimama hapo hapo mita moja kutoka kwake.

"Bi Shirin! Mwambie huyo msichana maji yamechemka."

"Mama, yupo hapo mbele yako."

"Namwona. Mwambie."

Na Bi Shirin, maskini, anapaza sauti kutoka chini: "Mwantumu! Maji yamechemka!"

"Nimesikia, Bi Shirin."

"Amesikia, mama!"

Leo nacheka. Wakati ule nilikuwa nikienda kwa wale wapondaji fedha, nasimama karibu na nyundo zao ili nilie bila kusikika.

Lile la mchi lilizaa jambo moja ambalo sikulitarajia. Sista Annamma alianza kututazama kwa jicho jingine. Alipompima tena Bi Zuhura, alimwita Bi Shirin akamuuliza: huyu mama kwao anakula nini? Bi Zuhura akasema, akimwangalia Bi Shirin tu, "Bada. Bada la muhogo na samaki mkavu." Bi Shirin hakujua neno la Kihindi la muhogo. Nikachukua kalamu nikauchora nyuma ya cheti: mzizi mrefu, gamba, majani kama vidole. Sista akashika mdomo. Kumbe kwao Kerala wanakula muhogo na samaki na nazi, kila siku ya Mungu! Akasema mjini pale kuna watu wa kwao, wanawake, wanaishi nyuma ya karakana za reli, upande wa pili kabisa wa mji, na Jumapili baada ya misa wanauza mihogo iliyoletwa na treni.

Jumapili nilitoka alfajiri na mchoro wangu mkononi. Nilipanda basi lisilo lenyewe, nikashushwa kwenye machimbo ya mawe, nikarudi kwa miguu. Kila niliyemwonyesha karatasi alinielekeza kwingine: mmoja kwa muuza magimbi, mmoja kwa mganga wa miti shamba, mmoja akanipeleka kwa fundi wa kuchora. Saa saba mchana nilivuka reli, nikaingia kati ya kuta zenye masizi, nikasikia kengele ya kanisa, na pale kwenye kivuli wamekaa wanawake wanne na vikapu. Niliona muhogo. Nikakaa chini kwenye vumbi. Niliuokota mmoja nikaushika kama mtu anavyoshika mguu wa mtoto mchanga, na mwenye kikapu akaacha kunitajia bei, akaninawisha uso kwa maji yake ya kunywa.

Niliimenya, nikaianika juu ya paa siku nne nikigombana na kunguru, nikaitwanga kwa mchi ule ule, nikachekecha kwa shela ya Bi Shirin. Nikasonga bada, ule ugali wa muhogo wa kwetu. Mchuzi wa nazi, samaki mkavu, ndimu. Niliweka sahani kwenye kiti, nikatoka nje nikasimama nyuma ya mlango. Baadaye nikasikia kidole kikikwangua bati la sahani. Nilipoingia alikuwa ametazama ukutani kama kawaida, lakini sahani tupu ilikuwa imesukumwa upande wangu. Nikajaza tena.

Kila Jumapili nikavuka reli. Mizani ikasema arobaini na mbili na nusu. Halafu arobaini na tatu na nusu. Halafu ikaja barua.

Mume wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuchoka mapema. Bi Zuhura hakujua kusoma. Barua zote nilikuwa nasoma mimi kwa sauti, naye akiwa ameninyamazia husikiliza amefumba macho. Nilifungua, nikapitisha macho kwanza. Iliandikwa hivi: miezi sita imetosha, kama hapasuliwi basi Mungu hakutaka, rudini kabla ya mfungo, tiketi ziko tayari. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa zaidi: "Na wewe Mwantumu, usipomrudisha mwenzio, usirudi kwangu."

Nikasoma kwa sauti: "Kwa wake zangu wapendwa, salamu sana. Mama anawasalimu, anawaombea. Msiwe na haraka. Bakini mpaka Zuhura apone, hata mfungo ukiwakuta huko."

Akafumbua macho. Na baada ya wiki zile zote akanisemesha. "Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema, dada."

"Nisomee tena."

Nikasoma tena. Nikaikamilisha, nikaikunja upesi. Akaniambia, "Haya," akageuka akalala.

Tukabaki. Nilimwandikia mume kwamba mgonjwa hawezi kusafiri. Hakujibu. Nikawa nafua na kupika kwa Bi Shirin badala ya kodi, na yeye hakuuliza mengi. Mfungo ukatukuta huko. Kila jioni nilifuturu tende peke yangu, maana Bi Zuhura alikatazwa kufunga, lakini sasa alikuwa akisema maneno mawili matatu: chumvi haitoshi, leo umechelewa, hiyo kanga yako imechanika. Siku ya kupimwa ya mwisho yeye mwenyewe alimwomba sista avute pazia, akavua kila kitu, akabaki na kanga moja nyepesi, akapanda mizani ameinua mikono kama mtu anayepekuliwa. Arobaini na tano na robo. Alimtazama sista, hakunitazama mimi. Wakampasua. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri sijui hata kama nilipumua, na daktari alipotoka alinyoosha kidole gumba tu, akaenda zake kunawa.

Tanga tulifika ametembea mwenyewe, amepanda ngazi bila kukaa. Siku ya tatu mume wetu alinipa talaka, sebuleni, kwa sauti ya chini, hata hakunitukana. Nilipokuwa nafunga mizigo Bi Zuhura alisimama kwenye mlango wa jiko na mkono kwenye kovu lake. Hakusema kitu. Nikadhani hana la kusema, kwa kuwa hajui. Nikabeba mzigo wangu. Nilivyozunguka mpaka nikafika Sweden ni habari nyingine ndefu, na haina raha.

Simu za mkononi zilipoenea alinitafuta. Kila Ijumaa, miaka na miaka, ananipigia: watoto, magonjwa, bei ya nazi, nani kaolewa. Mume wetu alishakufa. Hatukuwahi kuutaja mwaka ule. Mpaka majira ya baridi yaliyopita, nimekaa hapa hapa jikoni Jakobsberg, akasema ghafla katikati ya habari za mafua:

"Mwantumu. Ile barua."

"Barua gani?"

"Usinifanye mtoto. Uliponisomea mara ya pili, salamu za mama hazikuwepo. Na mara ya kwanza ulisema mfungo, ya pili ukasema sikukuu. Nikajua unaitunga. Nikajua ametuita."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nilitaka kuishi," akasema. "Nikanyamaza. Na siku unafunga mizigo nilinyamaza tena, kwa sababu ningesema kwamba nilijua, angeniacha na mimi. Nimekula kwenye nyumba ile miaka yote, na najua nilikulaje. Umenisikia? Mwantumu?"

Nilikata simu. Ndiyo, nilikata. Ijumaa iliyofuata ikalia nikaitazama ikilia mezani. Na iliyofuata. Hasira ilinishika mimi kikongwe kama msichana: miaka yote hii nilikuwa nimejiona nimemfichia siri kubwa, nimembebea mzigo asioujua, na huo ndio uliokuwa utajiri wangu pekee kwenye upweke huu. Kumbe alikuwa anaujua tangu kwenye kitanda cha kamba. Nilitaka na yeye aonje kunyamaziwa. Ijumaa ya tatu simu ililia mara mbili, ikakatika. Siku chache baadaye binti yake ndiye aliyenipigia, na kabla hajatamka nilijua.

Kwa hiyo, Mama Furaha, mbanda nilimlilia kwa sababu alikufa ananidai jibu. Na jibu nilikuwa nalo tangu ile simu ya kwanza, nililikalia tu. Nilipoishika barua ile mkononi sikumwona yeye peke yake. Niliziona reli, na wale wanawake wa vikapu, na kichochoro cha nyundo, na mimi natoka asubuhi bila mtu wa kuniuliza naenda wapi, na nikaona nikirudi Tanga nitaomba ruhusa ya kwenda nyumba ya tatu mpaka nizeeke. Ningekuwa nimekupigia simu, dada Zuhura, ningekwambia hivi: uwongo ule nusu yake ulikuwa wako, na nusu yake nilijisomea mwenyewe.